Povu la Ezron

Profesa Nesta Simkonda alikuwa amechoka, wala si kwa safari tu. Alichoka kuomba ubongo wa watu. Miaka nenda rudi amezichunguza seli za glia, zile zinazouguza seli nyingine kichwani. Lava wa tegu, yule mnyoo wa nguruwe, akiingia kwenye ubongo, glia humkimbilia na kumzingira, na hapo panapobaki kovu ndipo kifafa huanzia. Hayo ameyaona kwa panya, na panya wamemkoma. Kwa mtu wa kwao Songwe hajayaona bado, maana kila familia hutaka marehemu wake azikwe akiwa kamili.

Leo alikaa kwenye benchi la mochwari mjini Tunduma na Mzee Anyelwisye wa Itumba. Mwanawe Ezron, mpakia mizigo kwenye malori, alianguka kifafa kifudifudi mtaroni, akafia kwenye maji yasiyofika hata kifundoni. Mzee alikuwepo alipoanguka, maana alikuwa amekuja kumtembelea.

"Uchukue huo ubongo, mama," alisema. Mkononi alishika glavu alizonunua za kumwoshea marehemu. "Ila uniambie jambo moja. Povu lile la mdomoni linaambukiza, si ndiyo? Kwetu mtu akianguka tunakaa mbali mpaka likauke. Hata mama yake nilikuwa namzuia. Na jana, alipoanguka, nilisimama nikamtazama."

Nesta alielewa anachoombwa. Ndiyo moja tu, na mzee angepata usingizi, naye angepata ubongo alioutafuta nusu ya maisha yake. Nani angemlaumu? Aliitamani ndiyo hiyo, akajichukia kwa kuitamani.

"Haliambukizi, baba. Halijawahi."

Nje malori yalipigiana honi kuelekea mpakani.

"Kwa hiyo ningemgeuza tu."

"Ungemgeuza tu."

Mzee alizitupa glavu chini ya benchi, akainuka kwa kushika ukuta. "Unisamehe, mama. Huo ubongo sikupi tena. Mimi baba yake sikumgusa, sasa aguswe na nani? Kichwa chake nitakipakata mwenyewe mpaka nyumbani."

Nesta alifunika ndoo yake ya dawa ya kuhifadhia ubongo. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona mzee akimfuta mwanawe mdomo kwa kiganja kitupu, taratibu, kana kwamba povu bado lipo.