Uchunguzi Rasmi wa Chumba cha Viatu

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, natangaza kufungua uchunguzi rasmi dhidi ya Sajini mstaafu Fidahussein, aliyelitumikia jeshi la Kanada miaka thelathini na moja. Mtuhumiwa ni babu yangu. Kosa lake ni kwamba kila Alhamisi, mahubiri yakianza msikitini, yeye hutoka na mfuko wa plastiki.

Juzi nilimfuata kwa mwendo wa kunyata niliojifunza bwenini. Nilimkuta kwenye chumba cha viatu, pale waumini wanapoviacha kabla ya kuingia msikitini, amekalia ndoo, anafuta viatu vya watu kwa kitambaa chenye siki. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikuwa imeviachia madoa meupe. Vilivyokwisha kufutwa alivipanga kama gwaride, vya wazee karibu na mlango.

"Wasi, toka nyuma ya makoti."

"Umenionaje, Babu?"

"Nimekusikia unavyohema. Jeshini usingemaliza wiki."

"Mbona unafanya kwa siri?"

"Wakijua watasema mzee akapumzike. Nani kawaambia nimechoka?" Akakamua kitambaa. "Ila sasa kamati ya msikiti inataka kukitia chumba hiki kufuli, eti kuna mtu anachanganya viatu. Wiki iliyopita Mzee Rameez alifika nyumbani na viatu viwili vya kushoto. Nikifungiwa nje, nitawafanyia nini hawa wazee?"

Nikatazama dari. Babu akanitazama mimi kama anayekagua bunduki.

"Ni mimi ninayevichanganya, Babu," nikasema. "Nitamwambia Mzee Rameez mwenyewe. Na safu ya tatu usiiguse kwanza, ya leo nimeshaichanganya; ngoja niipange upya."