Breki za Mteremko wa Kabura

Kila saa tisa mchana lori la mahindi kutoka Moi's Bridge hufika juu ya mteremko wa duka la Kabura, pale Pioneer, na dereva wake Irungu huweka gia free. Madereva wote hufanya hivyo ili kuokoa dizeli. Uzito wa magunia ndio hulivuta lori, na kila hatua linayoteremka mwendo unazidi. Kule chini ndiko watoto wa shule huvukia.

Linet, binti wa Jepkosgei, alivukia hapo mwaka juzi. Wiki mbili baada ya kumzika, mama yake alimkuta pale pale, na sweta ya shule, viganja kwenye bampa ya lori, visigino vimekita kwenye lami, anasukuma kurudi juu. Lori lilimpeleka tu kinyumenyume. Jepkosgei alimletea uji.

Mwaka huu waliozikwa na kurudi kusukuma wamefika watano. Soli zao huisha kwa lami, na kina mama huwaletea viatu vingine.

"Sasa nguvu zetu na za lori zimetoshana," Linet alimwambia mama yake, akiwa bado anasukuma. "Haiongezi mwendo. Lakini haipunguzi. Ile spidi inaingia nayo juu ndiyo inatoka nayo chini. Tukipata mwingine mmoja, itaanza kupunguza."

Jepkosgei alishuka moja kwa moja hadi ofisi ya barabara kuomba matuta, kwa mara ya tisa. Mtoto wake mdogo, Vivian, alikuwa anaanza shule Januari.

"Mama Linet," karani Kiarie alisema, "si mko na watoto watano pale? Matuta ni ya nini tena?"

"Lori haijapunguza, Kiarie. Imeacha tu kuongeza."

"Sasa si hayo ni maendeleo?"

"Hayo maendeleo ni mtoto wangu!"

Kiarie alimwandikia barua ya kurudi baada ya miezi mitatu. Kabla miezi hiyo haijaisha, ofisi ilisimamisha kibao kizuri cha manjano: WATOTO KAZINI.

Madereva walikisoma. Irungu, ambaye si mtu mbaya na huwapigia watoto honi ya salamu, alipakia magunia ishirini zaidi.

"Breki si ziko chini?" alimwambia Kabura. "Tena hazichakai."

Lori likaanza tena kuzidisha mwendo, na watoto watano wakaburutwa nalo hadi chini.

Januari, Vivian alivaa sare mpya. Saa tisa, wakitoka shule, walipofika kwa Kabura alipanda kwenye mizani ya viazi, akasimama wima.

"Mama, mimi ni kilo ngapi?"

Jepkosgei alimshika mkono, akaukaza mpaka ukabaki na alama. Wewe mwenye mtoto, wako mshike hivyo hivyo. Kule juu, Irungu alikuwa ameshaweka free.