Vipande Kumi na Viwili

Kazi mbovu naichukia kuliko njaa. Wanawake wenzangu wa Ntobeye wanalijua hilo, ndiyo maana kila Jumatano wakinikabidhi vipande vyao hunitazama mdomo kwanza. Nikiubetua, kipande hicho kinafumuliwa. Magdalena, jirani yangu, nimewahi kumfumulia kimoja mara tatu kwa sababu misuko yake ilipindia kushoto palipotakiwa kulia. Alinuna wiki nzima. Nilimwambia kama ni kununa anune huku anafuma, uzi hauna habari na uso wa mtu.

Ufumaji huu tulifundishwa na sista mmoja wa Ayalandi aliyekuja Ngara wakati wa makambi ya wakimbizi. Alikuwa mkali kama mimi. Alisema kwao kuna visiwa vya baridi na upepo, na watu wa huko hufuma sweta za sufu rangi ya maziwa zenye nakshi zilizoinuka: msuko, almasi, sega la nyuki, mti wa uzima. Sisi sufu hatukuwa nayo, kwa hiyo tulinunua sweta za mitumba mnadani tukazifumua. Sindano ndogo ya kushikia vitanzi vya msuko hatukuwa nayo pia, tukakata spoku za baiskeli. Kila mtu hufuma kipande cha mraba, kisha vipande huunganishwa kuwa blanketi. Kuunganisha ni kazi yangu. Sijisifu, lakini mshono wangu hata uutafute na tochi huuoni.

Blanketi ninalotaka kulisema lilikuwa la mtoto wa Agness, binti yangu wa pekee.

Agness ameolewa Nyamahanga, kule Biharamulo, na Ngassa, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Ngassa ni mtu mwema, sina la kumsema. Ila watoto hawakukaa. Mimba ya kwanza ilitoka mwezi wa nne. Ya pili ilifika mwezi wa saba. Agness alikuwa ameshanunua beseni na nguo ndogo, lakini mtoto alizaliwa njiani mvua ikinyesha, na nguo zikabaki nyumbani. Wakamfunga kitenge kilicholowa. Alizaliwa mchana, akaishi mpaka jioni. Muuguzi aliniambia bila kunizungusha kwamba mtoto mdogo vile baridi humwahi kabla ya kitu kingine chochote. Neno hilo liliniingia likakaa.

Alipopata mimba ya tatu, mama mkwe wake, Nshoma, akaweka sharti. Mtoto hatayarishiwi. Hakuna beseni, hakuna kofia, hakuna nguo, mpaka alie. Kwetu Wahangaza wazee nao husema hivyo, ila mimi nilikwishaacha kuwasikiliza. Agness akanipigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanje."

"Nakuomba kitu kimoja. Usiniandalie chochote. Najua hupendi mambo haya. Lakini safari hii nataka nifuate kila kitu, lisibaki hata jambo moja la kujiuliza."

"Na baridi je? Nayo inafuata masharti ya mkweo?"

Akaanza kulia, na Agness si mtu wa kulia ovyo. Nikajiona mshenzi. Mwishowe tukaelewana hivi: kikundi chetu cha wanawake wanne kitafuma vipande kumi na viwili, vitakaa katika nyumba nne tofauti, na havitaunganishwa mpaka mtoto alie. Nshoma alipoulizwa alifikiri siku mbili, akajibu kwamba kipande si nguo. Nami nikakubali.

Sijawahi kuona wanawake wakifuma vile. Rozina, ambaye huwa mvivu mpaka anakera, alitoa mti wa uzima ambao sista mwenyewe angeubusu. Magdalena alifuma misuko mitatu ikapanda sambamba bila kosa hata moja, na nikakosa la kumwambia, nikamwambia uzi wake umechafuka. Kila mmoja alitia bidii kana kwamba mtoto ni wa nyumbani kwake. Mimi nilichukua masega ya nyuki, maana ndiyo magumu.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba, mvua nazo zikaanza, na mimi nikaanza kupiga hesabu ya siku. Kuunganisha vipande kumi na viwili sawasawa ni kazi ya siku mbili. Kutoka Ntobeye mpaka Nyamahanga nayo, ukikosa gari, ni siku nzima. Jumla siku tatu baada ya mtoto kulia. Na yule wa pili hakuishi hata siku moja. Hesabu hiyo niliipiga nikiwa shambani, nikaipiga nikiwa kanisani, jibu likawa lile lile. Nilimwona mtoto akitetemeka, na sisi wanawake wanne tukiwa tumeficha joto lake makabatini kwa sababu ya maneno ya wazee.

Nitasema na lililobaki, maana nimechoka kuficha. Kulikuwa na kiburi pia. Nilitaka Nshoma anione nikishuka kwenye gari na blanketi zima mkononi, lisilo na doa, ajue binti yangu ametoka kwa watu wa namna gani.

Nikaenda kwa Magdalena kuchukua vyake.

"Eufrazia, si tulisema kila kimoja kikae kwake?"

"Nataka kuvipima. Vyako ndivyo nina wasiwasi navyo, una mkono wa kubana."

"Kupima tu?"

"Magdalena, mimi mtoto?"

"Haya. Ira brangeti ra watu risije rikajiunganisha renyewe," alisema kwa lafudhi ya kwetu, akacheka, akanipa. Rozina na mwenzetu wa nne nao nikawadanganya hivyo hivyo, wakanipa vyao.

Nilijifungia chumbani siku mbili nikidai nina malaria. Dirisha nililiacha wazi kidogo tu kwa ajili ya mwanga. Nilipomaliza nililitandaza kitandani, misuko ikikutana na misuko, almasi zikitazamana, weupe wake umetulia kabisa. Nikalilalia kifudifudi, uso wangu ndani yake. Mungu anisamehe, sijawahi kufurahi vile tangu nimzae Agness mwenyewe. Kisha nikalikunja nikalitia kwenye mfuko, na sikumwambia mtu.

Ngassa alipiga simu wiki tatu baadaye. Uchungu umeanza, mwezi wa nane ndiyo kwanza umeingia. Niliondoka nilivyo. Nilipofika kituo cha afya ilikuwa alasiri, na Nshoma alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la nje. Ni mwanamke mrefu, mnyoofu, asiyependa maneno. Siku hiyo alikuwa amejikunja.

"Alikuwa mvulana," aliniambia. "Hakulia. Wanasema kamba ya kitovu ilimzunguka shingoni mara mbili."

Mara mbili. Mfuko ulikuwa begani mwangu na misuko yote ile ndani yake. Mimi nina akili zangu, nimesoma mpaka darasa la saba enzi ambazo darasa la saba lilikuwa na maana, na najua kamba ya kitovu haina habari za nyuzi za Ntobeye. Nalijua hilo, na bado niliubana mfuko kwapani. Nikamwuliza choo kiko wapi.

Sikwenda chooni. Nilizunguka nyuma ya jiko la wanaouguza wagonjwa, nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikatoa wembe, nikaanza kufumua. Sikumfikiria Agness hata kidogo, lazima niseme hivyo. Niliwaza Nshoma atakavyonitazama akiliona. Kazi ya siku mbili ilikwisha kwa muda usiofika saa moja. Nilichomoa kila kipande cha uzi wa mshono, nikanyoosha kingo kwa kidole, nikatupa nyuzi kwenye moto. Hata katika uovu huo nilifanya kazi safi.

Niliporudi, Nshoma alisimama.

"Mama Agness, umekuja na kitu cha kumfungia mtoto?"

"Nina vipande tu," nikasema.

Akavitazama mfukoni, akagusa kimoja.

"Havimtoshi," alisema, akavua kitenge chake cha juu.

Mtoto asiyelia huzikwa na wanawake, bila matanga. Tulikuwa watatu, mimi, Nshoma na jirani yake mmoja. Udongo ulikuwa umelowa, na kitenge cha Nshoma kilikuwa chembamba, kile cha kuendea shamba. Saa chache tu kabla ya hapo nilikuwa na blanketi zima la sufu, lenye kazi ya mikono ya wanawake wanne. Mjukuu wangu akaingia ardhini na baridi yake ile ile, na mimi nikiwa nimesimama pale na mfuko begani.

Siku ya tatu, asubuhi, tulikuwa nyumbani kwa Ngassa. Agness alikuwa ameketi kitandani, kifua amekikaza kwa kanga maana maziwa yalikuwa yamekuja, hayakuwa na habari. Tangu turudi alikuwa amesema maneno yasiyozidi kumi. Nilikuwa nikimlazimisha anywe uji. Akalisukuma bakuli.

"Mama, nikuulize, uniambie kweli. Vile vipande uliviunganisha?"

Nilikuwa nikilingoja swali hilo siku tatu, na jibu nilikuwa nalo mdomoni.

"La. Hivi hapa."

Nikamletea mfuko. Akavitoa kimoja kimoja akivipanga mapajani. Alipitisha kidole kwenye kingo zote nne za kila kipande, polepole, kama nilivyomfundisha mwenyewe alipokuwa msichana, akitafuta. Alivihesabu mpaka kumi na viwili. Kisha akavirudia tena tangu mwanzo. Hakuona kitu.

Nilidhani atashusha pumzi. Badala yake uso wake ulisawajika, na nikaona kwamba nimekosea, ila sikujua nimekosea wapi.

"Nilikuwa naomba uwe umeviunganisha," alisema.

"Nini?"

"Siku tatu nimelala hapa naomba hivyo. Nakujua ulivyo, mama. Nikasema mama hawezi kuvumilia, lazima ameviunganisha. Ningekukasirikia. Pengine nisingesema nawe mwaka mzima. Lakini ningejua ni nini, na mwakani ningejaribu tena." Alikuwa akiongea taratibu, bila chozi. "Kumbe nilifuata kila kitu na wewe ulifuata kila kitu. Basi ni mimi. Ni tumbo langu linaloua."

"Agness, niliviunganisha."

Akanitazama.

"Niliviunganisha!" Nikamwambia yote, chumba nilichojifungia, malaria ya uongo, wembe, nyuzi nilizozitupa motoni nyuma ya jiko. Nilisema haraka mpaka maneno yakanikwama. Nilimpiga kwa vile vipande magotini nikisema tazama, tazama vizuri, na hapakuwa na cha kutazama. "Muulize Magdalena! Nilivichukua kwake!"

"Ulivichukua kuvipima. Aliniambia kwa simu wiki ile ile."

"Nilimdanganya!"

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma. Hajawahi kunihurumia maishani, nami sijawahi kumpa nafasi hiyo. "Pumzika."

Nshoma alisikia kelele akaingia, mikono yake ina maziwa, alikuwa anatikisa kibuyu uani. Nikamgeukia yeye. Nikamwambia mkwe wangu, nimevunja sharti lako, nilishona blanketi kabla mtoto hajalia, nifukuze, nitukane, itisha wazee wako wafanye wanachofanya. Sharti lake sikuliamini hata chembe. Nilichotaka ni yeye kuliamini, na lawama iniangukie mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kipande kimoja, akakigeuza huku na huku.

"Hiki hakijapitiwa na sindano ya kushonea," alisema. Kisha akanigusa bega. "Sikulaumu. Ningekuwa mimi ndiye niliyemzaa, ningesema hivyo hivyo."

"Mama Ngassa," Agness akamwita, "mwambie Ngassa atafute mke mwingine. Ni kijana bado. Mimi nimeshajaribu mara tatu, sitaki aendelee kuzika kwa ajili yangu."

Nshoma alitazama chini, na hakusema hapana.

Nilipiga magoti pale chini. Nikaapa kwa Bikira Maria, nikaapa kwa kaburi la mama yangu, kwamba vipande vile viliunganishwa na mikono yangu mwenyewe. Agness akashuka kitandani kwa shida, akanishika mkono aninyanyue.

"Usiape uongo, mama," alisema. "Nimekuelewa. Asante."

Kisha akamwomba Nshoma amletee begi lake la nguo.