Oili ya Kopo Linalong'aa

Mlima ulipokaza, pikipiki ilianza kunguruma bila kwenda. Kijana aliyeiendesha akaongeza moto, injini ikapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, lakini gurudumu la nyuma likazunguka kivivu. Akarudi gia ya kwanza. Yale yale.

Nyuma yake aliketi mama mkwe wake, jicho la kulia limefungwa bendeji. Walikuwa wanatoka hospitali. Tangu siku ya upasuaji daktari alikuwa amekata maneno: asiinue kitu, asiiname, asitikiswe. Uzi ukiachia, jicho ndiyo basi tena.

Na huko kutotikiswa ndiko kulikomponza kijana. Jana yake alikwenda duka la vipuri kutafuta oili laini kuliko zote, ili injini isitikise. Muuzaji akamtolea ya pikipiki. Yeye akanyooshea kidole rafu ya juu, kwenye kopo linalong'aa lenye picha ya gari.

"Hiyo si yake," muuzaji alisema. "Klachi ya pikipiki yako inaoga humo humo kwenye oili ya injini. Ukiipa yenye utelezi wa ziada, pleti zake hazishikani, nguvu haifiki gurudumuni. Itapiga kelele tu, haiendi."

"Bwana wee, nabeba mkwe, sibebi mkaa. Lete hiyo."

"Haya. Mlima ukikukataa, usije kunitukana."

Asubuhi, kwenye barabara tambarare, injini ilitulia tuli, naye akajisifu moyoni. Sasa jasho lilimtiririka mgongoni.

Barabara ilichongwa kwenye mwamba. Kushoto ukuta wa mawe, kulia korongo. Nyuma yao lori la kokoto lilikuwa linapanda kwa kujikokota. Aliyajua malori hayo. Madereva wake hawasimami mlimani, maana wakisimama na mzigo ule hawaondoki tena.

"Baba, mbona tunaimba tu, hatuendi?" mkwe aliuliza.

"Inapumua kidogo, mama."

"Inapumua au inakata roho?"

Alitaka kumwambia ashuke. Badala yake akaongeza moto tena. Tangu aoe hajawahi kumwambia mama yule hata "sogea". Leo amshushe barabarani, mgonjwa, jicho moja? Ukoo mzima ungelijua kabla ya jua kuzama.

Gurudumu likasimama. Kisha, polepole, likaanza kurudi nyuma. Akabana breki zote mbili, tairi likaserereka kwenye changarawe. Kwenye kioo cha pembeni hakukuwa na barabara tena, ni lori tupu.

"Mama, shuka! Upande wa ukuta! Nimekosea mimi, nimeweka oili ya gari, haipandi. Shuka!"

Mkwe alishuka akipapasa ukuta, mgongo wima. Pikipiki ikaserereka tena, ikimvuta kijana. Honi ya lori ikampasua masikio. Akasikia kitu kinakwaruza chini, akageuka. Mama yule alikuwa anasukuma jiwe kwa ndala.

"Usiiname!"

"Nani kainama? Kaza mikono!"

Jiwe likaingia nyuma ya tairi, pikipiki ikatulia. Akaruka chini, akaisukumia ukutani na kujibana hapo hapo. Lori likapita, upepo wake ukamvua mama mtandio.

Aliogopa kumtazama. Alipomtazama, bendeji ilikuwa imejaa vumbi. Hakuona damu.

"Linauma, mama?"

"Linawasha. Sijui kama ni vumbi." Mkwe alivuta pumzi. "Tunapanda tena?"

"Hapana. Tunatembea mpaka juu."

"Na kule tunakoteremkia?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Klachi isiposhika, injini haisaidii breki mteremkoni. Wangeshuka kama jiwe lililoachiwa.

"Kule ndiko kubaya zaidi," alisema. "Hupandi tena pikipiki hii leo, mama."

"Utaiacha? Si ndiyo inayokulisha?"

"Ikae."

Akachomoa ufunguo, akampa mama mkwe mkono kwa mara ya kwanza tangu aoe. Wakaanza kupanda wakiwa wameugusa ukuta. Chini kule, lori jingine lilikuwa linabadili gia.