Bwana Harusi Yuko Chooni

Noemi, binti wa mdogo wangu Gualtiero, aliichagua tarehe ya harusi yake kama mtu anayeokota uyoga porini, kwa kushuku kila mmoja. Ilikuwa Septemba. Aliketi hapa mgahawani kwangu na kalenda mbele yake, akafuta Jumamosi na Jumapili zote, kwa sababu ndizo siku za ligi ya mpira. Akafuta Ijumaa na Jumanne, maana kwetu ni siku za mkosi, na hakuna mwenye akili timamu anayeoa siku hizo. Akafuta Alhamisi, kwa kuwa mwaka huo, kwa maajabu ya Mungu, Roccavena, timu ya mji wetu, ilikuwa inacheza Ulaya, na lile kombe dogo la tatu tulilopewa sisi wanyonge huchezwa Alhamisi. Ikabaki Jumatano, ambayo pia ndiyo siku mchumba wake Ivano hufunga hoteli yake ya chakula.

"Jumatano ya mwisho ya Mei, shangazi," akaniambia. "Siku hiyo baba hana pa kutorokea."

Nilimwelewa. Kwenye komunyo yake ya kwanza baba yake alikuja na redio ndogo sikioni, na padri alipoinua hostia kanisa zima likamsikia Gualtiero akisema, "Kaotea huyo." Siku ya mahafali yake alipiga picha moja tu, na ukiitazama vizuri ni ya runinga iliyokuwa nyuma yake. Wala si kwamba ni baba mbaya. Mama yake Noemi alipofariki, mdogo wangu alimlea peke yake, akajifunza kumsuka nywele kwa mikono ile ya fundi bomba. Lakini Jumapili alasiri mtoto hakuwa na baba.

"Nataka siku moja," Noemi alisema. "Siku moja awe wangu mzima."

Tarehe ile ilikuwa na kasoro moja. Ndiyo iliyokuwa tarehe ya fainali ya lile kombe dogo. Ilikuwa imeandikwa magazetini tangu kiangazi, na hakuna aliyejali. Sisi na fainali ya Ulaya wapi na wapi? Tulikuwa tumeingia kwa kushika nafasi ya saba, tena kwa goli ambalo wapinzani wetu walijifunga wenyewe.

Ivano tulikuwa tumeshamjua tangu Agosti, siku ya mechi ya mchujo. Noemi alimleta mgahawani kumtambulisha kwa baba yake: kijana mrefu, mpole, mpishi hodari, asiyejua lolote kuhusu mpira. Kwa kumwogopa baba mkwe, tumbo likamvuruga. Akaenda chooni, tukafunga. Akarudi, wakasawazisha. Akaenda tena, tukafunga la pili. Alipotoka alikuta mgahawa mzima umeipa runinga mgongo, unamtazama yeye.

"Kijana," akasema Armido muuza nyama, ambaye ndiye mwenyekiti wa mashabiki, "rudi huko."

"Nimeshamaliza, mzee."

"Hujamaliza. Zimebaki dakika ishirini."

Basi hivyo ndivyo alivyoingia katika ukoo wetu. Kila Alhamisi ya Ulaya, mambo yakiwa magumu, Gualtiero alikuwa anapiga simu kwenye hoteli ya Ivano na kusema neno moja, "Chooni." Ivano alikuwa anaweka mwiko chini na kwenda. Wali wake wa risoto uliungua sana mwaka ule. Wateja walinung'unika mwanzoni, lakini walipojua sababu wakawa wao wenyewe wanaingia jikoni kumpokonya sufuria.

Na kila mtu alikuwa na lake. Gualtiero hakufua skafu yake tangu Agosti, na kufikia Desemba nilimtenga pembeni kwenye kiti kibovu cha karibu na dirisha, nikalifungua kwa sababu ya harufu. Tukashinda siku hiyo, kwa hiyo ikabidi abaki hapo na dirisha libaki wazi, sisi wote tukitetemeka.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Sisi tulishika matatu. Alhamisi tuliwapiga Wabelgiji, tukawapiga Wagiriki, tukawapiga Wanorwe juu ya theluji yao wenyewe. Jumapili, katika ligi, tulipigwa na kila aliyetaka. Kombe la Italia tulitolewa na timu ya daraja la pili, kwa penalti, kwa sababu Armido alisema si vizuri kumsumbua Ivano kwa timu kama ile. Mpaka leo akilikumbuka hilo hujipiga kofi la paji la uso.

Ilipofika Aprili tulikuwa nusu fainali ya Ulaya, na katika ligi maji yako shingoni. Hapo mji ukaanza kunyamaza. Kwetu ukikitaka kitu kweli, hukitaji. Neno fainali halikutamkwa na mtu. Mshonaji wa gauni alijua, mpiga kodiani alijua, Padri Saverio alijua, na wote waliinama wakaendelea na kazi. Wageni walioalikwa walijibu "tutakuja" huku wakitazama viatu vyao.

Mimi nilichoka. "Gualtiero," nikamwambia asubuhi moja, "ile tarehe ya mtoto."

Alirukia kushika chuma, kama tufanyavyo kufukuza mkosi, na chuma cha karibu kilikuwa bomba la mashine yangu ya kahawa. Akaungua.

"Nyamaza, dada."

"Ihamishwe mapema, watu wasije wakaumbuka."

"Ukiihamisha, umesema tutafika. Ukisema tutafika, hatufiki." Akatia kidole mdomoni. "Mtu mzima kama wewe hujui hilo?"

Nilikuwa nalijua. Nilinyamaza kama wenzangu, ndiyo sababu simcheki mtu hapa.

Nusu fainali tulishinda kwa goli moja kule Denmaki, Ivano akiwa chooni na hoteli imejaa watu wanaosubiri chakula huku wakimwombea asitoke. Kesho yake asubuhi Noemi akaingia hapa, akasimama mbele ya baba yake.

"Sasa linasemeka," akasema. "Fainali ni siku ya harusi yangu. Niihamishe?"

Nilidhani atambusu mikono. Mdogo wangu akamjibu haraka, kama mtu anayemzuia mtoto asishike moto:

"Usithubutu. Tarehe hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa."

Halafu akasikia alichokisema. Ndege ya mashabiki ilikuwa inaondoka Jumatano hiyohiyo asubuhi, na Armido alikuwa amekwisha kumshikia kiti. Gualtiero ana miaka karibu sitini, na ameisubiri siku hiyo tangu alipokuwa akibebwa mabegani na baba yetu.

"Kwa hiyo utakuwepo," Noemi akasema.

"Nitakwenda wapi, nawe unaolewa?"

"Bila redio. Bila simu. Bila kumtuma mtu akachungulie."

"Bila."

"Apa."

"Naapa kwa mama yako," akasema, na mimi nikageuka kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Kwa jina la marehemu hajawahi kuapa uongo.

Na kweli, siku ya harusi alikuwa wake mzima. Alikuja kanisani amenyoa, bila skafu, akamshika binti yake mkono na kutembea naye polepole kama anayeogopa njia itaisha. Alilia mahali panapostahili. Armido naye hakusafiri, alisema hawezi kumwacha rafiki yake katika msiba. Nikamkumbusha kwamba ni harusi. Wengine wengi walibaki pia, na ukumbi wa hoteli ya Ivano ulijaa watu waliovaa vizuri wenye nyuso za watu walioko hospitali.

Mechi ilianza saa tatu usiku, wakati tunaletewa nyama. Noemi alikuwa ameondoa runinga na kukusanya simu zote ndani ya kapu la mkate. Alichosahau ni jiko. Mwosha vyombo alikuwa na redio, na habari zilikuwa zinatoka na wahudumu. Sahani iliyoletwa kwa upole, hakuna jipya. Sahani zikaanza kutupwa mezani kama karata, tukajua tumefungwa moja.

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa anakata nyama vipande vidogo vidogo, jasho linamtiririka, na hakuinua macho hata mara moja. Binti yake alimwona. Akamwekea mkono begani, na nadhani ile ndiyo dakika nzuri kuliko zote za siku ile.

Mara kiti cha bwana harusi kikawa kitupu.

Muda si mrefu jikoni wakagonga sufuria kwa furaha. Ikawa bao moja kwa moja. Ukumbi mzima ukakohoa kwa pamoja ili kuficha kelele. Zikaja dakika za nyongeza, kiti bado kitupu. Ikaletwa keki. Mpiga kodiani akaanza wimbo wa ngoma ya kwanza, akaurudia, akaurudia tena. Noemi alisimama peke yake katikati ya ukumbi na gauni lake, na alipoelewa, akamgeukia baba yake.

"Uliapa," akasema. Hakupaza sauti. "Kwa mama, baba."

"Mwanangu, mimi sikumtuma mtu."

Hakumwamini. Na kwa nini amwamini? Nilimwona Gualtiero akizeeka pale pale kwenye kiti. Kisha akasimama, akafuta mdomo, akaenda. Mimi nikamfuata, maana siwezi kuona jambo likinipita.

Mbele ya mlango wa choo alisimama Armido na ufunguo, na pembeni yake Padri Saverio na rozari. Kumbe walimshawishi Ivano kwa maneno matamu, na walipoona jambo limezaa matunda wakamfungia kwa nje asije akabadili nia. Walikuwa wamempa sahani ya keki apitishe muda.

"Fungua," akasema Gualtiero.

"Ni penalti sasa," Armido akanong'ona. "Nne nne. Dakika mbili tu, ndugu yangu. Miaka yote hii, kisha dakika mbili."

"Binti yangu anamsubiri mumewe."

"Ukiufungua mlango huo unajua kitakachotokea."

"Najua," akasema mdogo wangu. Akanyoosha kiganja. "Najua kuliko wewe. Lete."

Padri akafumba macho. Ufunguo ukazunguka. Ivano alitoka na krimu kwenye ndevu, akaanza kuomba radhi, na Gualtiero akamfuta kwa leso yake mwenyewe. "Nenda ukacheze, mwanangu," akamwambia. Hakuwahi kumwita hivyo. Miezi yote tisa alikuwa anamwita "chooni".

Walicheza. Kisha Noemi akamwachia mumewe na kumnyooshea baba yake mkono. Walikuwa wanazunguka polepole jiko liliponyamaza. Kimya kile hakikuhitaji mtangazaji. Sufuria haikulia, bomba likafungwa, na mlangoni akatokea mwosha vyombo akiwa amevua aproni kama mtu anayevua kofia mbele ya jeneza.

"Baba," Noemi akauliza, "tumefungwa?"

"Sijasikia kitu. Angalia usinikanyage."

Kesho yake mgahawani walianza kutafuta mchawi. Waliulizana nani alibadili soksi, nani alikunywa divai nyeupe badala ya nyekundu. Armido aliyajua yote, akanyamaza, na kwa hilo nimemsamehe mengi. Ni Gualtiero mwenyewe aliyesema, kutoka kwenye kiti chake kibovu:

"Mlango niliufungua mimi."

Hapa kwetu hilo ni kama kukiri umechoma kanisa. Watu walikunywa kahawa zao, wakaweka pesa mezani, wakaondoka mmoja mmoja, na siku tatu mdogo wangu alikunywa kahawa peke yake akizungumza na mimi tu, ambaye si zawadi kubwa.

Jumapili kulikuwa na kiporo cha ligi, mechi iliyoahirishwa kwa sababu ya safari zetu za Ulaya. Sare ingetuokoa. Tukifungwa, tunashuka daraja, na fainali yote ile inakuwa kilemba cha ukoka. Watu walirudi mgahawani kwa kuwa hawana mahali pengine, wakakaa mbali na dirisha. Dakika ya sitini tukafungwa goli la kijinga. Shingo zikaanza kugeuka, moja baada ya moja, kumtazama Gualtiero. Hakuna aliyethubutu kumwambia apige simu, na yeye hakuigusa. Maharusi walikuwa Sisilia, siku yao ya tatu ya fungate.

Simu ikalia yenyewe. Mdogo wangu akaiweka sikioni, na kwa ukimya uliokuwepo sote tukamsikia mtu wa upande wa pili. Sauti ilikuwa inarudi mwangwi, kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Baba? Ni Ivano. Nipo chooni."

"Toka humo," Gualtiero akasema. "Nani kakutuma? Mwanangu, kaa na mkeo. Mpira ni mpira tu." Nilimtazama nione kama anaumwa.

"Siwezi kutoka. Noemi kanifungia."

"Kakufungia?"

"Tangu walipotufunga. Ufunguo anao yeye. Anasema hanifungulii mpaka tusawazishe, na anauliza kama dirisha la huko liko wazi."

Gualtiero akashusha simu mapajani. Alilia vile vile alivyolia kanisani, bila kujificha. Armido akainuka, akaenda kwenye dirisha la karibu na kile kiti kibovu, akalifungua mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti chake, akaketi pale penye upepo, bega kwa bega na mdogo wangu.