Nyundo ya Mlango wa Mbuzi

Siku niliyookoka, mwaka wa tisini na nane, nilipeleka nyundo kanisani.

Desturi ya kanisa letu pale Kitengela ilikuwa hiyo. Ukiamua kumfuata Yesu, unaleta mbele ya watu kitu cha maisha yako ya zamani, kinatupwa. Wengine walileta ugoro, wengine hirizi. Mama mmoja alileta sufuria ya kupikia chang'aa, na kusema kweli ilikuwa sufuria nzuri. Mimi Masila nilileta nyundo yangu kubwa ya kupasulia mawe.

Nyundo hiyo ilimuua rafiki yangu Maundu. Sikumpiga nayo. Tulikuwa tunafanya kazi pamoja machimboni kwetu Kitui, na machimboni kuna sheria moja ambayo hata mlevi anaijua: kabla ya pigo la mwisho, lile la kuangusha jiwe, unaita "Tokeni!" halafu unangoja kujibiwa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimelewa. Nilipiga bila kuita, na Maundu alikuwa chini. Nilikimbia kabla hajazikwa. Miaka sita nikazunguka, Magadi, Loitokitok, Rombo, mahali popote ambapo hakuna mtu wa Kitui wa kuniuliza habari.

Pasta Nashon aliipokea nyundo akasema itatupwa kwa shimo la choo. Hapo akasimama Roda, mkewe Mzee Parmuat, Wamasai waliolipatia kanisa kiwanja.

"Pasta, hapana tupa. Hii si dhambi, hii ni chuma. Mimi niko na mlango ya mbuzi inafunguka na upepo."

Watu wakacheka. Roda akaitia begani kama fimbo, akaenda nayo kwake, upande wa Kisaju, akawa anaegemeza mlango wa zizi nayo.

Miaka iliyofuata kanisa lilinitafutia huduma. Pasta alikuwa na daftari, kila mshirika ameandikwa na kipawa chake. Nikawekwa kwaya, nikatolewa. Nikawekwa maombezi, nikasinzia. Siku moja nikapewa dakika kumi za kuhubiri, nikasema "Bwana asifiwe" mara saba, na la nane sikulijua. Gakuru, mzee wa kanisa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaita kutoka kiti cha mbele:

"Ndugu Masila, kaa. Bwana amesifiwa mpaka ametosheka."

Kando ya jina langu daftari likabaki jeupe. Miguu ikaanza kuniwasha tena. Mwaka wa elfu mbili na tatu nilikuwa nimeshafunga mkoba nirudi Rombo, ndipo Roda akafa.

Alikuwa ameacha neno moja. Azikwe kama Mkristo, pale kilimani mbele ya nyumba yake, mahali alipozoea kukaa akiomba. Kwa ukoo wa mumewe hilo lilikuwa neno zito. Wazee wao walizoea maiti kulazwa porini, si kuchimbiwa. Kaka mkubwa wa Parmuat alisema tu, "Chimbeni tuone."

Vijana wa kanisa wakachimba Jumatano na Alhamisi. Udongo ulikuwa futi moja, chini yake jiwe jeusi. Sururu tatu zikavunjika, zote za duka la Gakuru, na shimo likafika magotini. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Yule kaka akaja, akachungulia.

"Hata ardhi imemkataa," akasema polepole. "Kesho jua likishuka bado iko hivi, tutamlaza kwa desturi yetu."

Pasta akamwomba Parmuat akubali makaburi ya mjini. Parmuat akajibu, "Alisema hapa."

Mimi nilikuwa nabeba maji ya wachimbaji. Na nilijua tangu Jumatano. Jiwe lile halipigwi kwa sururu. Mshipa wake, pale linapokubali kupasuka, nilikuwa nauona, umelala kuelekea mashariki, wazi kama mshipa wa mkono wa mzee. Nikanyamaza. Nilijiambia nyundo niliitoa kwa Mungu, na kitu ulichompa Mungu humnyang'anyi. Sababu nzuri sana. Ilikuwa uongo pia. Niliogopa.

Nikapita na ndoo karibu na zizi, Parmuat amekaa hapo peke yake.

"Sopa, Mzee," nikamsalimu kwa Kimasai.

"Epa," akaitikia. "Masila, si wewe ulikuwa mtu ya mawe?"

"Zamani, Mzee."

"Roda akifunga mbuzi jioni, alikuwa anataja jina yako kwa Mungu. Kila jioni. Anasema siku utakuja kuchukua kitu yako, utakuwa umepona. Mimi nikamwambia, mama, huyo Mkamba atakufa kwanza." Akatazama nyumba. "Sasa amekufa yeye."

Niliweka ndoo chini. Niliposhika nyundo, mkono ukashtuka. Mpini wangu ulikuwa na ufa. Huu ulikuwa mpya, mti wa mzeituni, umepakwa mafuta. Kitu cha kuegemeza mlango hakihitaji mpini. Nikainua, na mbuzi wote wakatoka mbio, na wazee waliokuja kuomboleza wakaanza kuwafukuza huku na huku.

Ijumaa alfajiri nikamwomba Gakuru tairi kuukuu na kuni. Tukawasha moto ndani ya shimo. Waithera, muuza mboga ambaye kanisani aliambiwa kila mara apunguze sauti, aliwapigia kelele wanawake na punda mpaka mitungi ikajipanga mstari kutoka kisimani. Jiwe lilipokuwa jekundu tukamwaga maji. Likalia. Ndipo nikaingia, nikagonga kidogo, nikasikiliza, nikagonga penye mshipa. Likapasuka kama mkate mkavu.

"Huyu ndiye tulimpa maombezi?" Waithera akauliza, na hakupunguza sauti.

Tukachoma tena, tukamwaga tena. Saa tisa shimo lilikuwa limenipita kichwa. Likabaki jiwe moja upande wa kichwani, limening'inia. Nikapanda juu ili nilipige kutoka ukingoni. Gakuru alikuwa ndani anatoa kokoto, mwenyewe, shati limemganda mgongoni.

Nikainua nyundo. Mikono ikakataa. Nilichoona pale chini si Gakuru, ni kofia ya Maundu.

"Tokeni!"

Sauti ilinitoka mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Gakuru akatazama juu.

"Unaita nani? Niko peke yangu."

"Toka, Gakuru!"

Akaona uso wangu. Akapanda haraka bila mzaha mwingine. Nikangoja.

"Nimetoka," akasema.

"Sema tena."

"Ndugu yangu, nimetoka."

Nikapiga. Jiwe likaanguka pale pale alipokuwa amepiga magoti, na kilima kikatetemeka chini ya miguu yetu. Gakuru alilitazama muda mrefu. Kaka yake Parmuat naye akaja ukingoni akachungulia. Kesho yake, tulipomteremsha Roda, kamba moja aliishika yeye.

Jumapili Pasta Nashon akafungua daftari. "Ndugu Masila, nikuandike nini?"

"Ngoja kwanza, Pasta. Iko kaburi lingine nilikimbia."

Nikaenda kwa Parmuat kuomba nyundo. Akanipa. Mahali pake mlangoni nikaweka kipande cha lile jiwe jeusi, nimekichonga upande mmoja kikae vizuri. Mbuzi hawakuweza kukisogeza.

Nilifika Kitui Jumatano. Mbeke, mamake Maundu, alikuwa uani anachagua ndengu. Alikuwa amezeeka. Nikavua kofia, nikataja jina langu, nikamweleza yote, pombe, na kwamba sikuita. Ndengu zikaacha kusonga vidoleni mwake. Kisha zikasonga tena.

"Nilikungoja matangani," akasema. "Nilisema, huyo walikula pamoja, atakuja tu."

"Nilikimbia, mama."

"Najua ulikimbia." Akapepeta, akapuliza makapi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Kaburi lake ni udongo tu. Kila mvua inakula kidogo. Na wewe ni fundi wa mawe."

"Ndiyo, mama."

"Basi unasimama nini?"

Nikamuuliza nyundo nitakuwa naiweka wapi jioni.