Mchana wa Jumanne

Katoni ilikuwa na makasha arobaini ya kaseti, yote matupu. Kwenye kila kasha mume wangu alinitazama kutoka pichani, yeye na wenzake watatu, koti la ngozi begani, mdomoni sigara ambayo hakuwahi kuivuta. Juu ya vichwa vyao paliandikwa jina la bendi, Radi, na chini ya viatu vyao jina la albamu, Mchana wa Jumanne. Nilifungua kasha moja moja mpaka la mwisho, ingawa nilijua tangu la kwanza. Kaseti nilizitoa mimi mwenyewe.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu tufike siku ya kuondoa kilio. Kwetu Uvira, mwaka ukitimia, familia husali misa, huvua nguo nyeusi, hula pamoja na kupiga muziki alioupenda marehemu. Hospitalini, siku mbili kabla ya kunyamaza kabisa, mume wangu Jean-Berchmans alinishika kidole kimoja, maana hakuwa na nguvu za kushika mkono mzima, akasema, “Siku ile musinipigie ya ujana. Munipigie ya mwisho.”

Nilijibu sawa. Sikumwambia kwamba ya mwisho haikuwepo tena.

Watu wote wa umri wangu, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, wanaijua albamu ya kwanza ya Radi. Vijana wanne walishika gitaa za umeme wakapiga roki mahali ambapo kila mtu alitaka rumba. Wazee waliziba masikio, sisi wasichana tulipanda juu ya viti. Ilipigwa katika harusi yetu, na bado inapigwa katika harusi za watoto wetu. Baadaye walirekodi nyingine tatu huko Bujumbura, baada ya vita, wakiwa wanaume wenye mvi. Hizo hakuna aliyezitaka. Watu walisikiliza nusu ya wimbo, wakauliza ile ya zamani iko wapi. Mimi sikusikiliza hata hiyo nusu.

Ya tatu na ya mwisho ndiyo Mchana wa Jumanne. Walinakili kaseti sitini, wakagawia marafiki ishirini, na arobaini zikakaa chini ya kitanda chetu. Wakati huo niliongoza kwaya ya akina mama parokiani, tukijiandaa kwa Pasaka. Wengi hawakusoma noti, basi kila mmoja alihitaji kaseti ya kujifunzia sauti yake nyumbani, na kaseti tupu hatukuwa nazo. Nilichukua za chini ya kitanda. Kaseti ya muziki huwa imevunjwa vijino viwili mgongoni ili isirekodiwe tena. Ukibandika karatasi ya gundi juu ya vile vishimo, inakubali. Nilibandika arobaini. Upande mmoja sauti ya kwanza, upande wa pili sauti ya pili. Nikawagawia bila makasha, kwa sababu ya ile sigara.

Jean-Berchmans hakuuliza. Nilidhani amesahau kwamba zipo.

Mwaka wa kilio niliupitisha kama mtu anayepita katika nyumba ya wengine, bila kugusa kitu. Nilikunywa chai bila kujua kama ina sukari. Binti yetu Vanessa alipiga simu kutoka Bujumbura kila Jumapili, nikamjibu kwamba niko vizuri, na sikuwa nadanganya. Sikuwa na mahali panapouma. Kwaya niliiacha siku moja katikati ya misa. Niliinua mkono kuanzisha wimbo, mkono ukabaki juu, sikujua uende wapi. Niliushusha, nikaenda kukaa nyuma.

Vanessa ndiye aliyeanza matayarisho. Alikodi spika, akatuma albamu ya kwanza kwenye flashi. Nilimwambia asubiri kidogo. Aliniuliza nasubiri nini.

Siku iliyofuata nilikwenda Kavimvira kwa Bienvenu, mpiga ngoma wa Radi, ambaye peke yake ndiye aliyebaki kati ya wale wanne. Sasa ni mchomeleaji wa milango ya chuma. Wateja humtania kwamba hakubadilisha kazi, bado anagonga tu. Aliniketisha kwenye benchi, akazima mashine. Nilimuuliza kama anazo zile tatu. Alikuwa na mbili. Ya tatu ilichukuliwa na maji, mwaka ziwa lilipopanda likaingia vyumbani; za wale marafiki ishirini hakujua hata moja iliyobaki, na studio ya Bujumbura ilifungwa zamani, mwenyewe hajulikani alikohamia.

Alileta redio yenye kipande cha boksi la kiberiti kilichokunjwa kuzuia mlango wa kaseti, akanipigia hizo mbili pale pale kati ya milango isiyopakwa rangi. Nilisikiliza mchana mzima. Mwanzoni nilisikia gitaa tu, kama unavyosikia mvua kwenye bati la jirani. Halafu nikaona kitu. Katika albamu ya kwanza Jean-Berchmans, mwimbaji na mpiga gitaa wao, alikimbia, hakuacha nafasi hata ya kupumua. Hapa alikuwa anangoja. Ngoma ilipiga, besi ikapiga, naye akaja nyuma yao kidogo, kama mtu anayevua viatu kwanza mlangoni. Alipojizoeza nyumbani nilikuwa nikimwambia kwamba anachelewa. Katika kwaya yangu angefukuzwa.

“Ilikuwa muzuri,” nilisema.

“Ilikuwa muzuri sana, shemeji,” alisema Bienvenu. “Shida iko moja tu, haikuwa tena ya vijana wa miaka makumi mbili.”

Hapo nikamweleza habari ya zile arobaini. Nilieleza polepole, na karatasi za gundi nikazitaja. Nilitazamia akasirike. Bienvenu alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye masizi.

“Alijua,” alisema.

“Tangu lini?”

“Tangu Pasaka ile ile. Alipita kwa jirani, akakuta mama mumoja anafua na kaseti yenu inaimba. Akasimama kwa dirisha. Mukaimba, mukaimba, mukamaliza. Kisha, he, gitaa yake ikatoka. Mama akaendelea tu kufua. Akakuja kuniambia hapa: Bienvenu, ile albamu imepata wasikilizaji, ila lazima kwanza wasali.”

“Na hakuniambia.”

“Weye ungezikusanya zote,” Bienvenu alisema. “Hakutaka.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nafikiria jambo moja. Upande wa kaseti una nusu saa, na mazoezi yetu hayakuwahi kufika nusu saa. Basi mwisho wa kila upande palibaki kitu. Lakini zile kaseti tulizirudia, Krismasi, Pentekoste, mazishi ya padri. Kila mara tulirekodi kuanzia pale tulipoishia, mpaka upande ukajaa. Ilinipasa kumpata mama ambaye kaseti yake ilirekodiwa mara moja tu.

Niliwazungukia akina mama kwa siku nane. Mmoja aliikumbuka kaseti yake akasema watoto walitoa utepe wakafunga nao nyanya bustanini. Mwingine alinipa tatu, nikazisikiliza, zote zilijaa mpaka mwisho. Wengine walikuwa wameshakufa, na kwa hao niliomba ruhusa kwa watoto wao, nikatazama ndani ya masanduku. Wote walinikaribisha vizuri, wakanipa pole tena, nami nikasema asante tena.

Siku ya tisa nilikwenda Kalundu kwa Félicité. Alikuwa sauti ya pili, akaacha kwaya wiki ile ile ya Pasaka alipojifungua mapacha. Nilimkuta anageuza samaki wadogo, ndagala, juani. Nilipomweleza, aliingia ndani bila kunawa, akatoka na kopo la maziwa lenye kifuniko kilichozungushiwa mpira.

“Maji yakiingia, miye nabebaka watoto, nabebaka hii,” alisema. “Iko sauti yangu ndani, yaya, dada yangu. Mahali ingine haiko.”

Kaseti ilinuka samaki. Mgongoni karatasi yangu ya gundi ilikuwa bado imeshika, imegeuka rangi ya chai. Aliniuliza kama nataka kuisikiliza. Nilisema tusubiri siku yenyewe, na nikamwomba aje nayo mwenyewe.

Siku ya kuondoa kilio, baada ya misa, nilivua kitenge cheusi, nikavaa cha kijani alichoninunulia Vanessa. Tuliketi uani, watu kama sitini, sahani zimekwisha kukusanywa. Bienvenu aliunganisha redio yake na spika. Alitaka aipeleke kaseti mbele hadi mwisho wa kwaya. Nilimwomba aianze pale ilipo.

Basi tukaimba. Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mikeka walitazamana. Mmoja akamgonga mwenzake goti. Zilikuwa sauti zetu za miaka ile, pamoja na zile za waliokufa, tukikosea mahali pale pale palipotushinda siku zote. Nikajisikia ndani ya kaseti nasema, kwa ukali, “Tena. Félicité, usikimbie.” Watu walicheka. Félicité akajifunika uso kwa kanga. Tukarudia, tukamaliza, mtu akakohoa, kitufe kikalia.

Kulikuwa na ukimya wa pumzi moja. Halafu wimbo ukatoka katikati, bila mwanzo. Ngoma ya Bienvenu, taratibu. Besi. Sauti ya Jean-Berchmans, si kubwa, kama anaimba katika chumba ambacho mtu ametoka na atarudi sasa hivi. Alikuwa anataja vitu tu: sufuria, dirisha, viatu vyangu vya kanisani ambavyo havipo mlangoni, saa tisa, saa tisa na nusu.

Mazoezi yetu yalikuwa kila Jumanne, kuanzia saa nane.

Sikulia. Vanessa alinitazama akingoja nilie, nami nikatazama redio, kile kiberiti kilichokunjwa. Sauti ikaacha, ngoma ikaendelea, na mahali pale gitaa ilipaswa kuingia. Niligundua kwamba mkono wangu umeinuka kutoka pajani. Haukuinuka sana, ulifika kiasi cha kifua tu. Ngoma ikapiga, besi ikapiga. Nikaushusha mkono kumwonyesha aingie, na kama kawaida yake alikuwa bado hajafika.

Nikamngoja.